Mizunguko Mitatu na Nusu

Mchana nachonga meno ya watu.
Usiku, Section 58, chumba cha nyuma,
nachonga kitu kisicho na kinywa:
injini inayoweza kulala ndani ya kikombe cha chai
na bado ikabaki nafasi ya sukari.

Ilipanda basi kutoka Kisumu
imeviringwa kwa fulana kuukuu ya Ambogo,
na kikaratasi, mwandiko wake ule wa kuegemea kushoto:
Muhonja, sindano ifungue mizunguko mitatu na nusu.
Usiiguse tena. Huku inaruka kama panzi.

Huku haikuruka.
Ilikohoa, ikatema mafuta ya waridi kwenye kitambaa,
ikashusha moshi mzito wa mbarika,
ikazima
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Nilivuta kamba mara ishirini.
Ya ishirini na moja ikanichubua kiganja.

Nikampigia. "Umeiharibu," akasema.
Kaka yangu hajui kuanza sentensi kwa "labda."
Yeye anavuta hewa ya ziwani, nene kama uji;
mimi nakaa juu, miguuni pa Menengai,
ambako chai huchemka mapema isiive
na maharagwe hugoma mpaka watoto walale.
Hewa ya huku ni haba, nikamweleza,
injini yako inashindiliwa mafuta na kunyimwa pumzi.
Akacheka. "Hewa ni hewa."

Basi nikakaza robo. Nikasikiliza.
Nikaongeza thumuni,
ndogo kama ile sarafu isiyonunua hata peremende siku hizi.
Sauti ikapanda, ikanyooka, ikawa uzi,
nikafurahi kabla ya wakati.
Tone la mate juu ya kichwa chake: tss!
lilikauka kabla halijatua.
Nikarudisha thumuni.
Tone jingine. Moja, mbili, tatu,
ndipo likaenda.
Hapo.

Lakini mkono uliozoea kuchonga hauachi kazi mlangoni.
Nikaifungua. Nikatoa washa moja ya shaba,
nyembamba kama ganda la kitunguu, ili mwako ubanwe.
Nikachukua kijino cha kekee kilichozeeka
kwenye meno ya bandia ya karani mmoja wa Rongai,
nikapanua tundu la moshi kwa unywele mmoja tu,
alama nikizitia kwa ile karatasi ya buluu
wanayoing'ata wateja nijue ni wapi pamezidi.
Chuma nacho kina mahali pake pa kuuma.
Nikaosha kwa mafuta ya taa, mara tatu,
maana chembe moja ikibaki, pistoni ndiyo basi.
Mama Kirigo wa ghorofa ya chini
akagonga kuuliza kama siku hizi nafuga manyigu.

Jumapili, uwanja wa shule, hakuna mtu.
Gari lenyewe ni mifupa: chasisi ya kuokoteza,
magurudumu ya nyuma hayajawahi kufanana.
Lilikimbia dakika kumi na moja.
Nilizihesabu kwa saa ya marehemu mama,
vumbi jeupe likipinda nyuma yake,
mpaka redio ikapoteza neno
nalo likajitosa kwenye ua wa kayaba,
likaendelea kuimba humo humo ndani ya miiba.

Nikampigia Ambogo, nikaielekeza simu kule.
Kimya.
Halafu: "Hiyo sauti siijui."
Halafu, taratibu,
kama mteja anayeyajaribu meno mapya kwa mkate laini:
"Umeiweka mingapi?"

Sikumtajia. Hesabu ya huku
ingemchomea injini nyingine kule chini.
"Njoo uisikie," nikasema,
nikaingiza mkono kwenye miiba,
na mafuta ya mbarika yakaniingia
palepale kamba iliponichubua.